Barua Niliyokusomea

Chikongola,
Mtwara.
20 Novemba 2005

Kwa dada yangu mpenzi Riziki,

Assalaam alaykum, na shikamoo dada. Ni matumaini yangu kwamba barua hii inakukuta umeshatoka shambani na umekaa, na kwamba shemeji Juma na watoto wote wanapumua vizuri. Mimi mwili wangu ni mzima. Ijumaa iliyopita nilikuwa Madimba kwa Mama. Goti bado linamsumbua akiinuka kwenye mswala, lakini mihogo ameshaipalilia yote mwenyewe, na nilipomgombeza akanijibu kwa Kimakonde maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Amenituma nikuulize kama Fatuma ameacha kukohoa, na kama yule mdogo ameanza kutembea. Nijibu hilo ili nami nimjibu, maana ataniuliza tena.

Barua hii ameibeba Elia, dereva wa lile Landrover linalokuja huko kwenu Kilambo. Nimemwomba akukabidhi mkononi, asimpe mtu mwingine, hata shemeji. Ningekuwa na habari ya kawaida ningengoja siku utakayopanda kwenye kichuguu kunasa mtandao wa Msumbiji, tukazungumza kwa simu dakika mbili tatu. Habari niliyonayo haienei kwenye simu. Siku ya Idi, tulipokuwa tumekaa uani kwa Mama tunachambua mchele, nilifungua mdomo mara mbili nikuambie. Mara zote mbili nikaishia kuuliza bei ya mpunga.

Siku ile uliniuliza ninasoma nini hasa huku chuoni, nikakujibu kwa mkato. Sasa nitakueleza kwa urefu, kwa sababu jambo lenyewe limeanzia humo.

Chuo chetu kinafundisha ukarani na utunzaji wa majalada. Baada ya miaka minane ya kupima korosho za watu kwenye mzani wa chama cha msingi, nilidhani ukarani naujua. Kumbe karani wa siku hizi anatakiwa aseme Kiingereza. Tangu watu wa gesi waanze kupita na magari yao meupe kwenda Mnazi Bay, mji mzima umeshikwa na Kiingereza. Hata muuza vocha wa hapa mtaani ameandika tangazo lake kwa Kiingereza, na kati ya maneno manne amekosea matatu. Chuoni nako tumeongezewa somo linaloitwa stadi za mawasiliano. Tunafundishwa namna ya kupokea simu ya ofisi, kumkaribisha mgeni, kujibu maswali ya usaili, na kusoma na kuandika barua za kikazi, vyote kwa Kiingereza.

Mwalimu wa somo hilo anaitwa Bi Rebeka. Ni Mhaya wa Bukoba, mumewe yuko bandarini. Ni mfupi, na sauti yake inasikika mpaka jikoni kwa wapishi. Siku ya kwanza tulikuja na madaftari mapya tukitegemea sarufi. Yeye akaingia na simu mbili za mezani zilizokufa, waya zinaning'inia. Moja akaiweka mbele ya darasa, nyingine nyuma kabisa, akawakalisha wanafunzi wawili wawili wapeane migongo na kuongea Kiingereza kama watu waliopigiana simu kutoka mbali.

Mimi nilipangwa na Gideoni, kijana mwenye asili ya Mbeya ninayekaa naye dawati moja. Yeye alikuwa nahodha wa meli, mimi karani wa bandari. Akaniuliza swali refu, nikajibu ndiyo. Akaniuliza la pili, nikajibu ndiyo. La tatu nikaongeza na asante. Darasa likaangua kicheko. Bi Rebeka akaja akaniambia kwamba nimeikubalia meli ifunge gati saa nne, halafu nimekubali kwamba gati linaungua moto, halafu nimeshukuru.

Mwenyewe hakucheka. Alisimama katikati ya darasa akasema, "Kiingereza chenu hiki kidogo kinatosha kuombea kazi. Kitakachowaponza ni hiyo ndiyo yenu." Akatusimulia kwamba alipokuwa chuoni, mhadhiri mmoja mgeni alimuuliza swali mlangoni akiwa na haraka. Yeye hakulielewa, na kwa kuona haya akaitikia ndiyo. Baadaye ndipo akajua aliulizwa kama amekubali kurudia mwaka. Ilimchukua wiki tatu za kuzunguka ofisi kwa ofisi kuiondoa ndiyo ile.

Basi akasema sentensi ya kwanza tutakayojifunza ni ile ya kusema sijaelewa, naomba urudie polepole. Akatusimamisha mmoja mmoja tuiseme kwa Kiingereza, kwa sauti, bila kuinamisha macho. Kuna mama mmoja wa makamo alikataa kabisa, akasema hakuacha watoto wake nyumbani ili aje kufundishwa kujitangaza mjinga. Bi Rebeka akamngojea. Darasa zima likangoja naye mpaka yule mama akaisema. Ilipofika zamu yangu niliisema pia, lakini ilinikwama kama mwiba wa samaki, na sikutaka kujiuliza kwa nini.

Hayo yalikuwa ya Agosti. Mwezi wa Septemba tukaingia kwenye barua. Zoezi lilikuwa hivi: wawili wawili, mmoja awe mtoto aliyesoma, mwingine awe mzazi asiyejua Kiingereza. Mtoto anapewa barua ya ofisi aisome kimoyomoyo, kisha amweleze mzazi kwa Kiswahili imekuja na habari gani. Bi Rebeka alisema hiki ndicho Kiingereza cha kweli cha nchi yetu, kwa kuwa kila ukoo una mtu mmoja anayetegemewa kusoma barua, na wengine wote wanaishi kwa atakachosema.

Gideoni akawa mama. Alijifunga khanga ya mwanafunzi mwenzetu kichwani, akakaa chini na kunyoosha miguu. Barua yangu ilikuwa ya kampuni kwa binti aliyeomba kazi. Mstari wa kwanza ulikuwa na neno regret. Neno hilo nalijua tangu shule, maana yake ni kusikitika. Nikamwambia Gideoni, "Mama, wamesikitika. Wamemkataa." Gideoni akapiga yowe la msiba, darasa likacheka mpaka watu wakafuta machozi.

Bi Rebeka akaniuliza barua ina mistari mingapi. Nikahesabu tisa. Akaniuliza nimesoma mingapi. Nikasema mmoja. Akaniambia nisome unaofuata, kwa sauti. Mstari huo ulianza na neno however na alama ya mkato. Nikasoma mpaka mwisho. Walikuwa wanasikitika kwamba nafasi ya ukarani imejaa, lakini walikuwa wanampa binti yule kazi ya ghala, aanze tarehe mosi. Bi Rebeka akaandika lile neno ubaoni kwa herufi kubwa. Akasema wenye lugha hii ni watu wa adabu, baya wanalitanguliza kwa upole, halafu neno hili ndilo linaloigeuza barua. Asiyelijua atabaki na sikitiko peke yake.

Niliomba ruhusa nikatoka. Nilikwenda nyuma ya maktaba nikakaa juu ya matofali. Gideoni alinifuata akidhani nimekasirishwa na kicheko, nikamwambia tumbo.

Dada, najua siku ile ya mwaka tisini na mbili unaikumbuka kuliko mimi. Hata hivyo naomba niisimulie, ili ujue na mimi sijaisahau hata kidogo.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na minane, mimi kumi na mitano, kidato cha pili. Nesi Martha wa zahanati alikuwa amekuandikia maombi ya kwenda kusomea uuguzi kule misheni, kwenye yale mafunzo yaliyokuwa yakipokea waliomaliza darasa la saba. Aliona unavyomsaidia kupima watoto na kuosha vidonda bila kukunja uso. Jibu lilipokuja, yeye alikuwa ameshahamishiwa Nachingwea. Kwa kuwa kijijini hatukuwa na sanduku la posta, jibu lilipitia sanduku la shule yetu, na mimi nikaja nalo Ijumaa, nimelitia ndani ya daftari lisikunjike. Mliniona tangu kule kwenye mikorosho. Wewe uliacha kutwanga. Baba aliita majirani.

Nikaifungua mbele ya watu wote. Nikasoma mstari wa kwanza kwa Kiingereza, kwa sauti, nikiutamka kama Mwalimu Danieli wetu wa shule. Kisha nikafasiri: wanasikitika, hakuna nafasi, wamekukataa. Baba akaniwekea mkono begani, akawaambia majirani kwamba angalau leo ameona faida ya shule, kijana anasoma Kiingereza cha wazungu kama maji. Wewe ulirudi kwenye kinu. Ulitwanga mpaka mahindi yakawa vumbi, na Mama hakukwambia uache.

Posa ya shemeji Juma ilikuwa imekaa tangu mwaka uliopita, ukiikwepa kwa sababu ya masomo. Mwezi wa saba ukaolewa. Kuhusu shemeji sina neno baya, wewe mwenyewe unajua ninavyomheshimu, na siwezi kuitamani dunia isiyo na Fatuma na wadogo zake. Naandika tu jinsi mambo yalivyofuatana.

Baada ya lile darasa sikulala vizuri kwa muda mrefu. Mwishowe, juma lililopita, nikaomba ruhusa ya siku moja nikapanda basi la kwenda bara mpaka misheni. Njiani nilikuwa na karatasi niliyoandika sentensi zangu za Kiingereza, endapo nitakuta wazungu. Nikazisoma mpaka jirani yangu kwenye kiti akaniuliza kama nakwenda kwenye usaili.

Karani wa ofisi alikuwa ameenda msibani. Nikamkuta Sista Mkuu mwenyewe, mzungu mrefu, mgeni kabisa, ana miezi miwili nchini. Kiswahili chake kiliishia kwenye karibu. Nikamsalimu, nikajitambulisha, nikasema nimekuja kuomba kuangalia daftari la zamani. Hizo nilikuwa nimezikariri. Kisha yeye akaniuliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi yangu. Dada, niliisikia ndiyo ikipanda kooni. Nikaimeza. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba sijaelewa, tafadhali arudie polepole. Hakukunja uso wala hakunidharau. Alisogeza kiti, akarudia neno kwa neno, na nikaelewa. Alikuwa anauliza huyo ninayemtafuta ni nani kwangu. Nikasema ni dada yangu, wa tumbo moja.

Akaenda kabatini akatoa daftari kubwa lenye jalada la kitambaa. Tukatafuta pamoja mwaka tisini na mbili. Kundi la Januari hukuwamo. Tukafungua kundi la Julai. Yalikuwa majina kumi na manne. La kumi na moja lilikuwa Riziki Mussa, Madimba. Mbele yake kulikuwa na wino mwekundu, umeandikwa kwa mkono wa Sista wa zamani: amepewa nafasi, hakuripoti. Chini yake, kwa herufi ndogo: nafasi imeshikiliwa hadi tarehe kumi na tano Agosti.

Sista akaniuliza kwa nini hukuja. Kwa Kiswahili ningemzungusha. Ningeanza na habari za enzi zile, za umbali, za mila, tungefika adhuhuri bila kufika. Kwa Kiingereza sikuwa na maneno ya kuzungukia. Nilikuwa na machache tu, nikayatumia. Nikasema, "Barua nilisoma mimi. Niliisoma vibaya. Nikawaambia wamemkataa." Alinitazama, akaweka kidole kwenye jina lako na kukiacha pale muda mrefu. Kisha akauliza unafanya kazi gani sasa. Nikasema unalima mpunga, na wanawake wa kijiji wakishikwa na uchungu hukuita wewe.

Sasa dada, mpaka hapa unaweza kusema alikuwa mtoto, alikosea. Najua ndivyo utakavyosema, kwa kuwa tangu zamani ndivyo unavyonitetea. Ndiyo maana nimeandika barua badala ya kuja, kwa sababu ungeniangalia hivyo ningeishia hapo hapo nikala chakula chako nikaondoka.

Sikuisoma vibaya. Hata kwa Sista nilisema nusu.

Ijumaa ile mliposimama kunizunguka, nilielewa mstari wa kwanza, wa pili sikuuelewa. Niliona lile neno lenye alama ya mkato mbele yake, sikulijua, na nikajua kwamba silijui. Nilinyamaza kwa sababu Baba alikuwa ameshaweka mkono begani kwangu. Jumamosi mlipokwenda shamba niliichomoa barua kwenye paa nilikoichomeka, nikakaa nayo peke yangu nyuma ya ghala la korosho. Nikasoma mstari kwa mstari. Mengi hayakuingia. Lakini neno July lilikuwapo, nililiona. Na mstari wa mwisho nilielewa karibu wote. Ulisema uje na mashuka mawili.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, dada, sikuwa mjinga. Mtu aliyekataliwa haambiwi alete mashuka.

Nilikaa pale mpaka nikasikia sauti zenu mnarudi. Ningeinuka tu, nikasema Baba, jana sikuelewa yote, nipeni barua nimpelekee Mwalimu Danieli Jumatatu. Maneno hayo yalikuwa rahisi kwa Kiswahili. Nilifikiria majirani waliosikia nikisifiwa, nikafikiria Baba atakavyonitazama, nikairudisha barua kwenye paa. Jumapili, kabla sijarudi shule, Mama alikuwa anachoma korosho uani akaniambia nichochee moto. Nikauchochea kwa barua ile. Wewe ulikuwa umekaa hatua tano kutoka pale, unasuka nywele za mtoto wa jirani. Uliuliza ni karatasi gani, nikasema ya hesabu.

Jumatatu Mwalimu Danieli aliniita. Alikuwa ameiona bahasha yenye muhuri wa misheni, akauliza dada amepata. Nikamwambia wamemkataa. Akasema nimletee aione, kwa sababu barua za wale watu mara nyingine huzunguka. Nikamjibu imepotea. Akanitazama kidogo, akasema basi pole kwake.

Kwa hiyo darasani kwa Bi Rebeka sikugundua kitu. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nimejiambia labda mashuka yalikuwa na maana nyingine niliyoshindwa kuijua, labda July ilikuwa tarehe ya kitu kingine. Siku ile nilikosa pa kujificha, basi. Na misheni sikwenda kutafuta ukweli kama nilivyoandika huko juu. Nilikwenda nikiomba Mungu nikute walikukataa.

Kuna jambo moja zaidi, na baada ya hilo nitakuwa nimemaliza. Mwaka wa mvua za El Nino, barabara ilipokatika, jirani yako Hadija alishikwa na uchungu na hakukuwa na gari la kumtoa. Alikufia mikononi mwako, na mtoto wake. Nilipokuja kukupa pole uliniambia ulimpangusa, ukamshika, ukamwombea, na kwamba kama ungesoma ungejua cha kumfanyia. Ulisema hivyo bila kumlaumu mtu, kama mtu anayesema mvua imenyesha. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chako, nina kikombe chako cha uji mkononi. Nilisema ni mipango ya Mungu. Neno hilo ndilo ninalolionea aibu kuliko yote, kuliko hata moto.

Sikuandikii ili unijibu kwamba umenisamehe. Usiandike hivyo kama hujafika huko, na kama hutafika sitakulaumu. Mama hajui. Baba alikufa bila kujua. Ukitaka Mama ajue, nitamwambia mimi mwenyewe, si wewe. Ukitaka asijue, pia utaamua wewe.

Yaliyobaki ni ya kupanga. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili. Moja ni nakala ya mstari wa jina lako, Sista ameinakili na kuigonga muhuri. Imeandikwa kwa Kiingereza. Tafsiri yangu nimekuandikia huko juu, lakini naomba usiishie kwangu, mpelekee mwalimu mkuu wa shule ya Fatuma aisome naye akueleze.

Karatasi ya pili ni fomu. Misheni sasa wana mafunzo ya miezi mitatu kwa wanawake wanaozalisha vijijini. Wanapokea waliomaliza darasa la saba, mwisho miaka arobaini, na wanafundisha kwa Kiswahili. Wewe una thelathini na mmoja. Hayatakufanya muuguzi. Sista alilisema hilo wazi, akarudia mara mbili ili nisikudanganye. Utajifunza kuzuia damu, kugeuza mtoto aliyekaa vibaya, kujua mapema nani apelekwe hospitali kabla barabara haijakatika. Yanaanza tarehe tisa Januari. Fomu ziwafikie kabla ya Krismasi.

Najua utasema Januari ni mpunga, na watoto watabaki na nani, na viboko wa Ruvuma watamaliza shamba. Chuoni tunatakiwa kwenda mafunzo ya vitendo miezi hiyo hiyo, kila mtu anachagua ofisi. Gideoni na wengine wamekimbilia bandarini na kwa watu wa gesi, wakazoeze Kiingereza chao. Mimi nimeomba ofisi ya kata ya huko kwenu, na Bi Rebeka ameshanisainia. Alinishangaa, akaniuliza huko nitaongea Kiingereza na nani. Asubuhi nitakuwa ofisini, mchana na jioni nitakuwa shambani kwako na shemeji, na watoto nitawapikia. Nitakuja hata kama fomu umeichana. Mpunga utakuwapo vilevile.

Nitafika Kilambo Jumamosi tarehe tatu Desemba na gari la Elia. Usiponitaka nyumbani, mwambie Elia tu, nami nitarudi naye jioni bila kuuliza. Ukitaka kunisema, niseme mbele ya shemeji na watoto. Nitasikiliza mpaka mwisho.

Mpe shemeji salamu zangu za heshima. Fatuma mwambie kitabu chake cha sayansi nimekipata kwenye duka la Chikongola, nitakuja nacho. Wadogo zake wabusu wote, na yule jirani yako wa upande wa mtoni, mjomba wake Hadija, msalimie bila kumweleza chochote kwanza.

Ile fomu ina sehemu ya jina, umri na sahihi, na swali moja linalouliza kwa nini unataka kujifunza. Kalamu nimeiweka humo ndani ya bahasha. Sijaandika chochote.

Wasalaam,
mdogo wako,
Mustafa Mussa